Binti yangu alijipiga picha jeneza likitoka nyumbani

Assalamu alaikum, Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Walukuba, Jinja, na ninakuandikia nikiwa bado katika majonzi ya mama yangu mzazi, aliyefariki siku 23 zilizopita baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kifo chenyewe nimekipokea, kwa maana hakuna atakayesalia. Linaloninyima usingizi ni kile alichokifanya binti yangu mdogo siku ya maziko, pamoja na yaliyofuata.

Binti huyu ana miaka 19 na amekulia mikononi mwa bibi yake. Ndiye aliyekuwa akimwosha, akimlisha uji kwa kijiko na kulala naye chumba kimoja katika miezi yake ya mwisho. Siku ya maziko, wanaume walipolinyanyua jeneza na kuanza kutoka nalo uani, sisi wanawake tulibaki tumesimama barazani, kama ilivyo ada yetu. Hapo nilimwona binti yangu akisogea mbele, akaugeuzia mgongo msafara, akainua simu na kujipiga picha. Haikupita nusu saa picha ikawa kwenye stetasi yake ya WhatsApp: uso umelowa machozi, mtandio umemteleza, na nyuma ya bega lake jeneza lililofunikwa kitambaa cha kijani likiwa mabegani mwa watu. Chini yake ameandika, "Nenda salama Bibi."

Kaka yangu mkubwa alionyeshwa picha hiyo na mtu mwingine akiwa bado makaburini. Aliporudi alimkaripia mbele ya waombolezaji wote, akisema kwamba amempa marehemu mgongo ili apendeze kwenye simu, na kwamba huyu hakulelewa. Neno hilo la mwisho lilinichoma, kwa kuwa mlezi ni mimi, lakini nilinyamaza. Alimnyang'anya simu na mpaka leo anayo yeye. Tangu siku hiyo binti yangu hanisemeshi ila kwa salamu.

Shangazi, sitakuficha, hata mimi simwelewi. Hujipiga picha jikoni, hujipiga akiwa juu ya boda, hujipiga akitoka kuoga. Anaweza kupiga 20, akazifuta zote na kubakiza moja. Dada yake mkubwa, anayefanya kazi za ndani Oman na ambaye hakupewa ruhusa ya kuja, hana mambo hayo. Picha anazonitumia ni zile ninazomwomba kila Ijumaa, ili niuone uso wake na kujua kama anakula na kulala. Usiku ule wa maziko alinipigia simu akilia, akasema ameshamwona Bibi akitoka. Lakini huyu mdogo sijui anatafuta nini. Mama yangu katika ujana wake alipigwa picha moja tu, ya studio, ameketi na mkoba wa kuazima magotini, na picha hiyo tunaitunza kwa heshima mpaka leo. La ajabu ni kwamba katika picha hii ya msibani binti yangu hata kamera hakuitazama. Macho yake yamekwenda pembeni na chini kidogo, kama mtu aliyepoteza kitu.

Arobaini inakaribia, na kaka yangu amesema binti asionekane siku hiyo. Watu hujipiga picha kwa ajili gani hasa? Nami nifanye nini?

Mama wa Walukuba

Waalaikum salaam, dada yangu.

Pole sana kwa kuondokewa na mama. Mwenyezi Mungu amrehemu, naye awape subira nyote mliobaki, pamoja na huyo binti ambaye, kwa jinsi ulivyonieleza, alikuwa karibu na kitanda cha marehemu kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani.

Umeniuliza maswali mawili, na sehemu kubwa ya jibu la lile la kwanza umeiandika wewe mwenyewe bila kukusudia. Umesema kwamba kila Ijumaa humwomba binti yako mkubwa akutumie picha ya uso wake. Hiyo nayo ni selfi, dada yangu. Yuko peke yake katika nyumba ya watu, hana wa kumpiga picha, anainua simu kwa mkono wake mwenyewe, nawe huku Walukuba unaisoma picha ile kama barua: unatazama mashavu kama yamepungua, unatazama macho kama yamelia, unatazama ukuta ulio nyuma yake upate kujua amesimama wapi. Hujawahi kuiita majivuno, kwa sababu uliiomba wewe, na kwa sababu unajua imeandikiwa nani. Mama wengi wa Uganda wenye mabinti Uarabuni wanaishi kwa picha za namna hiyo, na wanajua kwamba "mimi mzima" iliyoandikwa kwa vidole inaweza kuwa uongo, ilhali uso si rahisi kudanganya.

Hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Selfi ni salamu yenye anwani. Aliye nje ya anwani akiiona huona mtu anayejipenda, na aliyeandikiwa huona mtu anayemjua akimwambia, "Nipo hapa, nitazame." Hata neno lenyewe halikuanza kwa urembo. Mara ya kwanza inayojulikana neno hilo kuandikwa ni Septemba 2002, nchini Australia, pale kijana mmoja aliyekuwa amelewa alipoanguka, akapasuka mdomo, akashonwa, kisha akawaonyesha watu picha aliyojipiga ya mdomo wake wenye nyuzi, huku akitaka ushauri juu ya kidonda chake. Miaka 11 baadaye, mwaka 2013, wenye kamusi za Oxford walilitangaza kuwa neno la mwaka, na kufikia hapo wengi tulishaamini kwamba selfi ni jambo la midomo iliyopakwa rangi. Ile ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyeumia akiuliza wenzake, "Hili mnalionaje?"

Sisemi kwamba picha zote 20 za jikoni na za kwenye boda ni vidonda. Nyingine ni za kupendeza tu, na msichana wa miaka 19 kutaka kupendeza si ugonjwa. Tena hilo la kupiga 20 na kubakiza moja lina maana yake. Katika umri ule mtu bado anajitafuta, na kila picha ni swali: huyu ndiye mimi? Waganda huita picha ekifaananyi, neno ambalo ni ndugu wa kufanana kwetu, na mimi hulipenda kwa sababu linakiri kwamba picha ni kitu kinachofanana na mtu bila kuwa ndiye mtu mwenyewe. Kinachofutwa ni zile zisizofanana na vile anavyojiona, au vile anavyotamani kuwa. Ningekuwa na wasiwasi kama ungeniambia kwamba akishazifuta hulia, au hukataa kula, au hupita siku nzima akihesabu nani ameitazama na nani ameipuuza. Dalili hizo hukuzitaja, lakini ukiziona usizichukulie kuwa utoto, umketishe mzungumze.

Nawe ebu itazame tena picha ya marehemu mama. Mkoba ule haukuwa wake. Aliuazima, akauweka magotini, akanyoosha mgongo, akakaa tuli mpaka mpiga picha alipomruhusu apumue. Alitaka mtu fulani amwone hivyo, pengine wazazi waliobaki kijijini, pengine mchumba, pengine ni yeye mwenyewe wa baadaye. Tofauti yake na mjukuu wake ni kwamba yeye alilipia karatasi moja, kwa hiyo alilazimika kuchagua kabla ya kupigwa, na mjukuu huchagua baada ya kupiga. Ninyi mnaiheshimu ile ya bibi, nanyi mna haki, lakini hamu iliyomketisha kwenye kiti cha studio ndiyo hiyo hiyo inayouinua mkono wa binti yako.

Sasa nije msibani, mahali penye uzito. Hasira ya kaka yako naielewa na sitaibeza, lakini mambo haya hayakuanza na mtoto wako. Tarehe 10 Desemba 2013, katika uwanja wa mpira mjini Johannesburg, watu walikusanyika kumkumbuka Nelson Mandela, na pale kwenye viti vya wakubwa Waziri Mkuu wa Denmark, Helle Thorning-Schmidt, aliinua simu akajipiga picha katikati ya Barack Obama, Rais wa Marekani wakati huo, na David Cameron wa Uingereza. Dunia nzima ilikasirika, na watu wakamwangalia Michelle Obama aliyekuwa pembeni na uso mzito, wakasema hata mke wa Rais amechukizwa. Aliyeipiga picha iliyotuonyesha tukio hilo, Roberto Schmidt wa shirika la habari la AFP, alilazimika kueleza baadaye kwamba uwanja mzima ulikuwa ukiimba na kucheza, na kwamba muda mfupi tu kabla ya hapo Michelle alikuwa akitaniana na waliokaa karibu naye. Picha moja ilikuwa imehukumu watu wanne, na waliohukumu hawakuwapo uwanjani.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2015, watafiti wa Australia walichapisha kazi yao juu ya picha za msibani ambazo watu huweka Instagram. Hoja yao ilikuwa kwamba picha hizo si utovu wa adabu tu kama magazeti yalivyokuwa yakidai. Mara nyingi ni njia ya mfiwa kuwaambia walio mbali kwamba yuko mahali hapa, kwenye tukio hili, na hivi ndivyo anavyojisikia. Kuna na uchunguzi mwingine ninaopenda kuukumbusha kila mzazi anayeniandikia kuhusu simu. Mwaka 2017 wataalamu wa saikolojia wa Munich, Ujerumani, walichapisha majibu ya watu 238 wa Ujerumani, Austria na Uswisi waliowahoji. Asilimia 77 walisema hujipiga selfi angalau mara moja kwa mwezi, na papo hapo asilimia 82 walisema wangependa kuona picha za aina nyingine mitandaoni kuliko selfi. Walielekea kuona kwamba zao zina mzaha na sababu zaidi, na za wenzao ni za kujionyesha zaidi. Naogopa kwamba ndivyo ilivyotokea nyumbani kwenu, dada yangu: ile ya Ijumaa ni mapenzi, na hii ya binti mdogo ni majivuno.

Nimerudi mara nyingi kwenye sentensi moja ya barua yako, ile inayosema dada yake alipiga simu usiku ule akilia kwamba ameshamwona Bibi akitoka. Alimwona wapi? Hakuwapo. Hakuna mwingine uliyemtaja kuwa alimpigia picha wala kumtumia. Binti yako mkubwa alimsindikiza bibi yake kupitia simu ya mdogo wake. Siwezi kuapa kwamba mdogo alipoinua mkono alikuwa akimfikiria dada yake, kwa kuwa mimi sikuwapo na yeye hujamuuliza. Lakini muulize. Usimuulize "kwa nini ulifanya vile," maana swali hilo ameshalisikia kwa sauti ya mjomba na linajibiwa kwa kunyamaza. Muulize, "Ulikuwa unamwonyesha nani?"

Jambo la pili ni macho. Umeshangaa kwamba hakuitazama kamera, macho yamekwenda pembeni na chini. Chukua simu yoyote yenye kamera ya mbele, simama barazani pale pale aliposimama, ugeuzie uwanja mgongo kama alivyofanya yeye, uinue mkono. Tundu la kamera liko juu ya simu, na chini yake kuna kioo, na katika kioo kile utajiona wewe, na juu ya bega lako utaona kila kilicho nyuma yako. Mtu anayejitazama huelekeza macho katikati ya kioo, penye uso wake. Anayetazama bega huelekeza macho kwenye bega. Ile picha, kwa jinsi ulivyoieleza, ni ya mtu aliyekuwa akilitazama jeneza. Kaka yako aliona mgongo, na ni kweli mgongo ulikuwepo, kwa sababu selfi ina ubovu huo: ukitaka kuwa pamoja na kitu katika picha moja ni lazima ukipe kisogo. Ila kwenye kioo kile yeye alikuwa amemkabili Bibi uso kwa uso mpaka anatoka uani. Naye ni mwanamke, alijua kwamba asingefika kaburini, na kwamba pale barazani ndipo mwisho wake.

Baada ya kusema hayo nisimwachie. Alikosea, na kosa lake lina mahali pake hasa, nalo ni stetasi. Tangu Facebook ilipofungwa nchini mwetu Januari 2021, stetasi ya WhatsApp imekuwa ndiyo ukuta wa nyumba nyingi za Uganda, na watu husahau kwamba usipobadilisha chochote, ukuta huo huonwa na kila mtu ambaye namba yake umeihifadhi naye ameihifadhi yako: muuza mkaa, mwenye nyumba, bodaboda, kijana mliyesoma naye darasa la saba. Hukaa kwa saa 24, na saa hizo zatosha mtu kuinakili na kuipeleka anakotaka. Ndivyo ilivyomfikia mjomba, na hapo ndipo kwenye dhulma aliyotendewa. Mtu ameinama kaburini, mikono ina udongo wa kaburi la mama yake, halafu mgeni anamwekea simu mbele ya macho. Maumivu yale ni ya haki. Angeitumia kwa dada yake peke yake, barua ingefika kwenye anwani yake na mjomba asingejeruhiwa. Hata kwenye stetasi kuna sehemu ya faragha ambapo mtu huchagua majina ya watakaoiona, hata akiwa mmoja tu, na nina hakika binti yako anaijua kuliko mimi na wewe.

Kwa hiyo la kwanza kabisa ni simu irudi. Nenda kwa kaka yako wewe mwenyewe, bila binti, wakati ametulia, na usianze kwa kumtetea mtoto. Anza kwa kumpa pole kwa namna alivyoiona ile picha, kwa sababu sidhani kama kuna aliyempa pole hiyo. Kisha mwambie kwamba simu ile ndiyo njia ambayo ndugu wawili waliofiwa na bibi mmoja huzungumza, na kwamba kuishikilia kumewaacha kila mmoja analia peke yake, mmoja Walukuba na mwingine Oman. Na mwambie pia, kwa upole lakini bila kupindisha, kwamba neno "hakulelewa" lilikuangukia wewe. Ulinyamaza mbele ya watu na ulifanya vyema, lakini usinyamaze mpaka kaburini. Neno la namna hiyo lisipotolewa huoza ndani ya ukoo.

Ukishaipata simu, mrudishie binti mkononi na umwombe akuonyeshe ile picha kama bado anayo. Itazameni pamoja. Mwache aeleze kwanza, hata akikawia. Akishaeleza ndipo umweleze habari ya anwani, na jinsi mjomba alivyoipokea, kwa kuwa huenda hajui kabisa kwamba ilimfikia akiwa makaburini. Kisha aende kuomba radhi kwa miguu yake, akiongozana na mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili, na aombe radhi kwa kile alichokosea, yaani kuwatangazia watu msiba kabla wenyewe hawajarudi kutoka kuzika. Asilazimishwe kuomba radhi kwa kumpenda bibi yake.

Kuhusu arobaini, sikubaliani na kaka yako hata kidogo. Mtu aliyemlisha marehemu uji kwa kijiko hawezi kufichwa siku ya kumwombea. Kubalianeni mapema katika familia, kwa maneno ya wazi: nani atapiga picha, zitapigwa wakati gani, zitatumwa kwa nani. Ningekuwa mimi, kazi hiyo ningempa yeye, na ningemwagiza jambo moja tu, kwamba wa kutumiwa ni dada yake.

Mwisho, ile picha ya studio ni karatasi moja, nayo inazeeka. Siku mtakayokwenda mjini kununua mahitaji ya arobaini, ichukueni ndani ya bahasha ngumu, ipelekeni kwa mwenye studio ainakili na kuchapisha tatu, moja yako, moja ya kaka yako, moja ya kumhifadhia aliyeko Oman. Binti aibebe yeye.

Shangazi